Kadi za Sanduku la Baraza: Shajara ya Mradi wa Kusoma Upya

Ngamiani, Tanga. Jumamosi, 11 Januari 2025

Mradi niliouahirisha tangu siku niliyostaafu umeanza leo. Vitabu vyangu, vilivyokaa miaka mingi katika masanduku mawili ya bati chini ya kitanda, nimevitoa na kuvitandaza juu ya mkeka barazani, kivulini, kwa sababu jua kali hukausha gundi mpaka kurasa zikaanza kupukutika, na unyevu wa bahari nao huotesha kuvu, hata mwenye vitabu katika mji huu akawa anaishi baina ya maadui wawili. Nimetenga kumi na viwili, vyote vya Kiswahili. Ukiondoa kimoja ambacho sijapata kukifungua, vilivyobaki nilivisoma au kuvifundisha zamani, lakini sikumbuki tena kama nilivipenda.

Mpango ni kuvisoma upya kimoja kimoja, na kila nimalizapo kimoja nikiandikie kadi ya maoni mafupi, niigandishe ndani ya jalada la mbele, kisha kitabu kiingie katika sanduku la mbao alilonitengenezea seremala wa mtaa wa pili, likae barazani ili anayetaka aazime. Kadi ina masharti matatu. Isizidi maneno sitini. Iseme kitabu kinachosha wapi, kwa kuwa sijaona kisichochosha mahali popote. La tatu ndilo gumu: maneno maudhui, fani, dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ni marufuku, na nikiteleza nikaandika hata moja, nitawanunulia kahawa wote waliokaa barazani jioni hiyo.

Sharti hilo nimejiwekea kwa sababu nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 31. Naweza kuipasua riwaya yoyote vipande kumi na vinne ubaoni kabla kengele haijalia, lakini mtu akiniuliza, "Mwalimu, kitabu chenyewe kizuri?" hukohoa kwanza.

Jumapili, 26 Januari

Nimeanza na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, na nimeanza kwa woga. Mwandishi alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, kusini ya mji wetu, tarehe 1 Januari 1909, kwa hiyo kumkosoa hapa Tanga ni sawa na kumkosoa babu wa watu huku umekalia kiti cha wajukuu zake. Rasimu ya kwanza ya kadi ilikuwa maneno mia moja na arobaini, na kumi na moja kati yake yalikuwa "busara". Nimeichana. Rasimu ya pili nimeinunulia kahawa, kwa kuwa neno "ujumbe" lilipenya bila mimi kuliona, na aliyeligundua ni fundi baiskeli ambaye hajapata kukisoma kitabu chenyewe lakini masharti ameyahifadhi yote.

Rasimu ya tatu, ambayo ndiyo iliyogandishwa, inasema hivi: "Nchi iliyo angani, mtu mmoja kizimbani. Kosa la Karama ni kufundisha watu sheria, na kosa hilo tu linatosha kukufanya ufungue kitabu. Anasimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na faida, wakafungwa. Kinachosha kuanzia mjumbe wa tatu, kwani umekwisha kujua yatakayompata. Kimfae aliyewahi kukaa kwenye kikao kirefu."

Jambo ambalo kadi haikuwa na nafasi nalo ni zile pande sita. Mtu wa kawaida angetosheka na nne. Shaaban Robert ameongeza mbinguni na ardhini, na nilipolisoma hilo safari hii, nikiwa sina darasa mbele yangu, nilicheka peke yangu, maana ni kama mtu aliyeambiwa atafute funguo zake kila mahali akaanza kuinua hata mkeka. Miaka yote niliyofundisha kitabu hiki sikumbuki kuwaambia wanafunzi kwamba kinachekesha.

Jumapili, 9 Februari

Vitabu viwili kwa mpigo. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini nimekisoma kwa siku nne, na mara baada yake mkusanyiko wa barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizoandikwa kati ya 1931 na 1958. Ningemshauri msomaji avisome kwa mpangilio huo huo, asipindue.

Katika kitabu cha kwanza mwandishi amevaa kanzu na koti. Alikuwa karani wa forodha Pangani, akahamishwa Mpwapwa, alioa, alifiwa, na yote hayo anayaeleza kwa sentensi zilizopigwa pasi, hata msiba unapoingia unavuliwa viatu mlangoni. Nampenda zaidi pale anapowaachia watoto wake tenzi mbili, wa Hati kwa binti na wa Adili kwa mwana, kwa sababu hapo walau tunajua anasema na nani. Penginepo anasema na umma, na umma ni msikilizaji mbaya kwa mtu anayetaka kusimulia maisha yake. Kwenye barua anasema na ndugu, na kanzu imetundikwa msumarini.

Kadi ya kitabu cha kwanza: "Mtu mwema anasimulia maisha mema kwa lugha njema, na ukimaliza unatamani kumjua." Watu wa baraza wamelalamika kwamba hiyo si kadi, ni shutuma. Nimeiacha.

Jumapili, 23 Februari

Matatizo ya ufundi. Gundi niliyonunua kwa kuwa ilikuwa rahisi imekunja karatasi za majalada matatu, na kadi ya Kusadikika imejikunja kama kashata iliyokaa juani. Nimezibandua zote kwa kisu cha mezani na kuzishona kwa uzi, tundu mbili juu, mbili chini, kazi ambayo mke wangu ameitazama kwa dakika mbili kisha akaninyang'anya sindano.

Mwazimaji wa kwanza amepatikana, kijana wa bodaboda anayeegesha kona ya mtaa. Amechukua barua. Mji wetu husifiwa kwa ule msemo wa "waja leo, waondoka leo", na nimemwambia kwamba vitabu vya sanduku hili vinafuata nusu ya pili ya msemo huo kwa sharti kwamba vinarudi.

Jumapili, 16 Machi

Ramadhani imeupa mradi saa ambazo sikuzitarajia, kwa kuwa baada ya tarawehe baraza hujaa na hakuna anayefikiria kulala. Nimeutumia wakati huo kwa kitabu ambacho nilijua sitakiweza peke yangu: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa upande huu huu wa pwani. Nakala yangu ni ile iliyohaririwa na Allen, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, na imelika pembe kwa wadudu, lakini beti zote zipo.

Habari yenyewe ni ya nyumbani. Kampuni ya Kijerumani ilianza kushika bandari za Mrima, yaani pwani yetu hii ya bara, mwezi Agosti 1888, watu wa Pangani wakakataa, vita vikaenea pwani, na Abushiri bin Salim, aliyewaongoza, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Jina la utenzi limebeba mwaka 1307 wa Hijria, ulioanza Agosti 1889, yaani mwaka ule ule wa kitanzi. Mwandishi yuko upande wa watu wa Mrima na hafichi.

Usiku wa kwanza nilisoma mimi. Nilisoma kama nilivyozoea, kwa sauti ya darasani, nikitua mwisho wa kila kipande ili wasikilizaji wapate maana, na baada ya beti kama kumi mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka kikombe cha pili, akaniambia, "Mwalimu, wasoma kama waita majina ya mahudhurio." Wakacheka wote. Nikamkabidhi kitabu, akakirudisha, kwa kuwa herufi hazioni tena. Badala yake alifumba macho akaanza kuvuta sauti bila maneno, mghani mtupu, ukipanda kidogo katika kipande cha pili, ukiteremka katika cha tatu, na cha nne ukikaa chini na kukaza, kisha akaninyooshea kidole niyatie maneno humo.

Nikayatia. Mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vikikubaliana kwa kina na cha nne kikirudi katika kina kimoja kinachoufunga utenzi wote. Hayo nimeyafundisha tangu nikiwa kijana, na nilikuwa nikiwahesabisha wanafunzi silabi kwa vidole. Usiku ule ndipo nilipoelewa kina cha kipande cha nne kina kazi gani. Katika kusoma kimya ni pambo, tena pambo la kuchosha, linalorudi na kurudi. Katika kughani ndipo mahali pa kuvutia pumzi, na wasikilizaji wanajua panakuja, wanapasubiri, na muuza kahawa, aliyekuwa ameweka dele lake chini ya taa, alianza kugonga vikombe viwili hapo hapo kila ubeti ulipofungwa, bila kuambiwa na mtu. Tulikwenda hivyo usiku saba.

Hukumu yangu, basi, inabidi igawanywe. Ukiusoma kwa macho, utenzi huu una sehemu kavu, majina ya watu yanafuatana na safari zinafanana. Ukiughani, majina ndiyo yanayopendeza kuliko yote, na walipotajwa watu wa Pangani kuna mzee aliyeitikia, "Naam," kama aliyeitwa yeye. Kadi nimeiandika kwa maneno manane tu: "Usikisome peke yako. Mtafute mtu mwenye sauti kwanza."

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua za masika zimefunga baraza, nimesoma ndani.

Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohammed Said Abdulla nimeumaliza kwa siku mbili, na siku ya pili nilichelewa chakula cha mchana. Riwaya hii ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 na ikachapishwa 1960, na Bwana Msa, na kiko chake na subira yake, bado anamshinda mpelelezi yeyote wa runinga kwa jambo moja: hana haraka ya kuonekana ana akili. Sitasema zaidi, maana kitabu cha upelelezi huharibiwa na mdomo. Kinachosha pale tu wahusika wanapoelezana mambo ambayo sisi tumekwisha kuyaona, na hata hapo Kiunguja chake kitamu hukufanya usamehe.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, imenishinda. Ni kitabu chembamba kuliko vyote kumi na viwili, kinaingia katika mfuko wa shati, na nimekianza mara tatu. Ningekuwa darasani ningejua la kusema, na ningelisema kwa uhodari, na hakuna mwanafunzi ambaye angegundua kwamba mwalimu wake amepotea njia kama msimulizi mwenyewe. Kadi: "Sijakimaliza. Kurasa nilizozielewa ni nzuri mno kiasi kwamba siwezi kusema kosa ni la kitabu." Kimeingia sandukuni na alama ya kurasa mahali nilipokwama, atakayefika mbele ya hapo aisogeze.

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, nimeipitia kati ya hivyo viwili. Ninachotaka kusema ni kuhusu jalada tu. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, Nyerere akawafanya wengi na akawaita mabepari, hata kabla pazia halijafunguliwa kesi imekwisha kuhukumiwa nusu. Ninaipenda tafsiri hii kwa ajili ya ujasiri huo, na siiamini kwa ajili ya huo huo.

Jumapili, 4 Mei

Hiki ndicho ambacho sikuwa nimekifungua: Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Kwa Kiingereza ilitoka 1994.

Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na mtoto mwenyewe hajui kwamba yeye ni malipo. Anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani, ambaye naye yuko pale kwa deni, na anamfumbua kwa kumkataza kumwita tajiri kwa jina la undugu. Nilikisoma kituo hicho mara mbili. Kiingereza kina neno moja la ndugu wa namna hiyo, nasi tuna ami, mjomba, baba mdogo, na kila moja lina haki zake mezani na mirathini. Kumnyang'anya mtoto neno hilo kwa Kiswahili ni kumtoa ndani ya nyumba.

Baadhi ya watu wa baraza walitaka niseme kwamba kitabu "kimerudi nyumbani". Sitasema hivyo. Nilihisi zaidi kwamba nasikiliza mtu aliyekaa ugenini muda mrefu akisimulia mtaa wetu, na anaukumbuka vizuri kuliko sisi tuliobaki, lakini ameuweka mbali kidogo na mkono. Ubaridi huo ndio uzuri wake. Safari ya bara ni ndefu, na katikati nilichoka pamoja na wapagazi, sijui kama ndivyo ilivyokusudiwa. Mwisho wake ulinikasirisha kwa siku mbili, ndipo nikaandika kadi: "Msimpe mtoto mdogo. Mpeni aliyewahi kulelewa kwa watu."

Jumapili, 25 Mei

Nimekuwa nikikwepa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Nakala yangu ya kufundishia ilikuwa imechakaa, hivyo nilikwenda kununua mpya katika duka moja mjini, ambalo sitalitaja, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba nimeuziwa kopi ya mashine iliyobandikwa jalada la kupendeza, kurasa kumi na sita zimetokea mara mbili na kumi na sita nyingine hazipo kabisa. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba wanafunzi hawajawahi kulalamika. Jibu hilo linaweza kuwa kweli, na ndilo linaloniuma, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kupewa muhtasari wa uhakiki hana haja ya kujua kwamba hadithi imekatika.

Ikanibidi nirudi kwenye nakala yangu ya zamani, na humo nikakutana na mimi mwenyewe. Pembezoni mwa kila ukurasa kuna mwandiko wangu wa penseli: "ndoa za kulazimishwa", "ukoloni", "ubaguzi", "nafasi ya mwanamke". Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee wa kuweza kumzaa, anatoroka na kwenda Ng'ambo ya mji wa Unguja kwa Mwajuma, na Mwajuma anampokea kwa chumba kimoja, kicheko na taarabu. Pembeni ya Mwajuma nimeandika: "mhusika msaidizi, ana utu." Basi. Mwanamke anayeujaza mlango mzima, ambaye kila aingiapo kurasa zinapata joto, mimi nimempa maneno manne kama anayetia saini risiti.

Nimechukua ufutio nikaanza kufuta. Nilifuta kurasa arobaini hivi, vumbi la mpira likajaa mapajani, na karatasi kukuu ikaanza kuchanika, nikaacha. Kitabu kimebaki na penseli nusu. Denge na siasa zake za chini kwa chini nimemwona safari hii kuwa mkavu kidogo, mtu anayehutubia hata akiwa amekaa kitandani, na nashuku kwamba zamani nilimpenda kwa sababu alikuwa rahisi kumtungia maswali ya mtihani. Mwajuma hana swali la mtihani. Kadi: "Mfuateni Mwajuma. Yaliyoandikwa pembeni kwa penseli msiyasome, yalikuwa kazi."

Jumapili, 15 Juni

Hesabu ya nusu mwaka. Vilivyosomwa hadi mwisho ni vinane, kimoja kimekwama, vitatu havijaguswa. Kahawa za faini ni mara tano, mbili kwa "dhamira". Vilivyoazimwa vimefika kumi na moja kwa kuhesabu vinavyorudi na kutoka tena. Barua bado ziko kwa kijana wa bodaboda, ambaye huniambia kila asubuhi kwamba amefika 1942, na sijui kama anatania.

Alama ya Nagona imesogea kurasa tisa. Hakuna aliyekiri.

Kusadikika imerudi jana, ikiletwa na binti wa kidato cha pili anayekaa nyumba ya uani. Aliamkia, akanikabidhi kitabu kwa mikono miwili, akaondoka kabla sijamuuliza swali lolote, nadhani kwa kuogopa kuulizwa dhamira. Jioni nilipokifungua niliona chini ya kadi yangu imeshonwa kadi nyingine, imekatwa katika jalada la daftari, tundu mbili juu na mbili chini kama zangu, imeandikwa kwa kalamu ya buluu: "Babu amesema kinachosha kuanzia mjumbe wa tatu. Karama harudiirudii kwa kuwa hajui kusimulia. Anarudia kwa sababu anasema na wakubwa."

Nimeisoma mara kadhaa. Nikafungua tena mjumbe wa tatu, nikasoma hadi wa sita kwa sauti, taratibu, nikiwa nimemweka mbele yangu waziri mwenye usingizi. Leo asubuhi nimemwomba mke wangu sindano, nimeibandua kadi yangu, na nimeishona upya chini ya ile ya binti.

Kinachofuata ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein. Nakala yangu ni nzima, na wazee wameshaanza kugawana sehemu za kusoma.